Joho la Makumbusho

Watu aliowadharau Biubwa binti Shehe walikuwa wengi, na wa kwanza wao, mbele ya Wakongo, mbele ya madereva wa teksi, mbele hata ya wapambaji wa Mayfair, hapahapa Johannesburg, wanaofunga mapazia ya harusi kwa pini za nepi, alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, Karimu.

Si kwamba Karimu alikuwa mlevi au mwizi. Mlevi una la kumwambia. Karimu alikuwa mtazamaji. Mtu mzima wa miaka thelathini na sita, ukimtuma akachukue viti Rosettenville utamkuta kasimama njiani, mikono nyuma, anamtazama fundi anavyopanga matofali. Jumapili, wenzake wanakimbizana na wateja, yeye kashavaa shati safi huyoo Newtown, kwenye nyumba za makumbusho, kutazama vitu vya watu waliokufa zamani. Akirudi ana hadithi.

"Dada, unajua wachimba dhahabu walikuwa wakiteremka chini umbali gani?"

"Kwani wamekuachia hiyo dhahabu?" Biubwa humuuliza, na mazungumzo huishia hapo.

Kazi ya Biubwa ilikuwa kupamba maharusi. Alikuwa na nusu ya duka pale La Rochelle. Nusu ya pili ni ya Jeannine, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, na katikati wametenganisha kwa pazia. Upande wa Biubwa kumejaa viti vya kukodisha, maua ya plastiki, mazulia, na kiti kikubwa cha bibi harusi kilichopakwa rangi ya dhahabu. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiwapamba mabinti wa Kizanzibari, wa Dar na wa Tanga waliozaliwa hapahapa Johannesburg, mabinti ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, na wakiona uchungu wanalia Kizulu. Aliwadharau nao pia. Lakini aliwapamba wakapambika, hilo hata mahasidi wake walikubali.

Vifaa vyake alivifuata mwenyewe Guangzhou, huko China. Safari saba. Ukimuuliza huo mji ukoje, atakujibu kwa uhakika wa mtu aliyeujenga: kuna hoteli, kuna soko la vitambaa, kuna mtu wa kontena, kuna msikiti siku ya Ijumaa, basi. Kinginecho ni mbwembwe za wasio na kazi. Safari hii goti likakataa. Daktari kamwambia akae miezi miwili bila kupanda ndege, na harusi ya Nasra imebakiza wiki tano. Kwa hiyo, shingo upande, akamtuma Karimu.

Na harusi ya Nasra haikuwa ya mchezo. Mama yake, Bi Tabia wa Kensington, ndiye mwanamke ambaye wenzake wote wa Pwani humu mjini humtazama usoni kabla hawajaamua kitu kizuri au kibaya. Akisema pilau imekolea, imekolea. Akibetua mdomo, mpishi atafute mji mwingine. Miaka yote hiyo hajampa Biubwa kazi hata moja. Sasa kampa, tena ya binti yake wa pekee, na wageni wanatoka Unguja, Dar na Durban. Biubwa alijua wazi lililokuwapo: Nasra akitoka vizuri mbele ya wale wanawake, harusi zote za mji ni zake. Akitoka vibaya, jina lake limekwisha na viti vyake vitaliwa na mchwa.

"Unisikilize," alimwambia Karimu uwanja wa ndege. "Unakwenda sokoni, unapiga picha ya mzigo, unanitumia. Mimi nachagua, wewe unanunua. Maneno sitaki."

"Sawa, dada."

"Sitaki maneno, Karimu."

"Nimesikia, dada."

Siku ya tatu picha zikaanza kuingia, na pamoja na picha, voisi, ujumbe wa kusikiliza. Lo, voisi! Hii dakika tatu, hii dakika tano, moja dakika nane na nusu. Biubwa alifungua picha tu. Voisi alizipita vile mtu anavyompita ombaomba kwenye robot, zile taa za barabarani, macho mbele.

"Dakika nane!" alimwambia Jeannine kwa sauti ya kuvuka pazia. "Imamu mwenyewe hanikalishi dakika nane, sembuse huyu hamnazo."

Picha zenyewe zilikuwa mchanganyiko. Mapazia, sawa. Mazulia, sawa. Kisha mabakuli ya buluu na nyeupe yamepangwa vizuri kwenye rafu. Biubwa akaandika: "Ya buluu dazeni mbili." Kisha paa la nyumba moja kubwa, limejaa vijisanamu vya udongo, watu na farasi na ndege wamebanana kutoka ncha hadi ncha. Akaandika: "Masanamu hapana, sisi Waislamu." Kisha kitu cha kijani kimelala chali, vipande vidogo vidogo vimeunganishwa.

"Mtazame mjinga huyu," akasema. "Ananitumia vigae vya bafuni." Akaandika: "Vigae sitaki."

Hapa lazima nikwambie wewe usomaye, maana Biubwa hakujua na wala hakutaka kujua. Karimu asubuhi alikuwa sokoni, akifanya alichotumwa. Mchana, soko likishampa kizunguzungu, alipanda treni ya chini akaenda makumbusho. Picha za kote kuwili akazituma kwa mkupuo mmoja. Yale mabakuli yalikuwa ya wafalme wa kale. Lile paa lilikuwa la jumba la ukoo wa Chen, ambalo watu husafiri nchi na nchi kwenda kulitazama. Na vile vigae vya bafuni vilikuwa vazi la maziko la mfalme aliyezikwa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, vipande vya jiwe la thamani vilivyofungwa kwa uzi mwekundu wa hariri. Yote hayo Karimu aliyaeleza, moja baada ya moja, kwenye voisi. Na kwa kuwa ni mtiifu, alipoandikiwa dazeni mbili za mabakuli alikwenda sokoni akatafuta yanayofanana, akanunua. Biubwa akaona mambo yanakwenda.

Siku ya tisa likaja joho.

Lilikuwa jekundu, la hariri, limetandazwa mikono. Nyuzi za dhahabu zimejaa kifuani zikateremka mpaka kwenye pindo, ndege wawili wenye mikia mirefu wanatazamana, katikati yao maua, chini yao mawimbi, na kila mahali taa ilipogusa pakawaka. Biubwa aliinuka kitini bila kukumbuka goti, goti likamkumbusha. Miaka kumi na mmoja ya kazi, na kabla ya hapo utoto mzima wa kushona kofia Unguja, hajapata kuona mkono wa sindano namna ile. Kuhusu wale ndege, aliamua palepale kwamba ndege wa kutarizi si masanamu.

Akaandika: "HILO JEKUNDU. LA NASRA. Ulilete mkononi, usilitie kwenye kontena."

Jeannine alikuja kuchungulia, sindano tatu mdomoni. Akazitoa.

"Mama Biubwa, hii nguo iko ndani ya vitre. Ona, kioo inarudisha mwangaza ya taa. Na kuko kakaratasi hapa pembeni, baliandika-andika."

"Duka la maana huweka nguo kwenye kioo."

"Kwetu Lubumbashi kuko musée," Jeannine akasema taratibu, "nyumba ya vitu vya zamani. Banaweka vile vile. Kioo, na kakaratasi pembeni."

"Kuko, kuko, kuko," Biubwa akamwigiza. "Nenda kashone, Jeannine. Mimi nimeingia Guangzhou mara saba, wewe hata Durban hujafika."

Jeannine akarudisha sindano zake mdomoni akaenda kushona. Alikuwa analipa nusu ya kodi na hakuwa na haja ya ugomvi.

Mchana uleule ikaingia voisi ya dakika sita. Biubwa akaiona, akasonya, akaandika chini yake: "Acha hadithi. Leta nilichokuambia." Asubuhi ikaingia nyingine, fupi zaidi. Akaandika: "Nimesema acha!" Tangu hapo Karimu akawa anatuma mapazia na mazulia tu, na voisi moja moja ya salamu ambayo nayo ilipitwa na macho mbele. Kumbe ukimbana anajua kutii, Biubwa akajisemea.

Akaipeleka ile picha kwenye duka la fotokopi, wakaitoa kubwa, ukubwa wa mlango wa kabati. Kile kikaratasi cha pembeni kilimkera, akaamuru kikatwe. Picha akaitundika dukani siku mbili, watu wakaja kuitazama. Ya tatu akaikunja, akaenda nayo Kensington, siku ya kisomo nyumbani kwa Bi Tabia, chumba kimejaa wanawake mpaka ukumbini.

Picha ilipokunjuliwa, chumba kizima kikashusha pumzi. Nasra, bibi harusi mwenyewe, akasogea akapitisha kidole kwenye mikia ya wale ndege. Bi Tabia aliitazama muda mrefu.

"Hili litapatikana kweli, Biubwa? Maana kuna nguo nimeagiza Durban."

Hapo ndipo ulimi ulipomponza. Angesema inshallah angekuwa salama. Lakini alikuwa kasimama katikati ya wanawake wote wa mji, kila jicho kwake, na kiburi kikampanda.

"Vunja oda ya Durban, Bi Tabia. Nasra asipotoka na joho hili, mimi Biubwa binti Shehe sigusi tena bibi harusi katika mji huu. Na hawa wote mashahidi wangu."

Vigelegele vikapigwa mpaka majirani Wareno wakafungua madirisha. Bi Tabia hakupiga. Alisema tu, "Haya. Tumesikia," akatoa simu, akavunja oda ya Durban.

Karimu alirudi Jumatano. Harusi Jumamosi.

Siku hiyo dukani palikuwa hapatoshi. Bi Tabia amekalishwa kwenye kiti cha dhahabu, Nasra kasimama nyuma yake, shangazi zake wawili wa kutoka Durban wamekaa kwenye viti vya kukodisha, na mlangoni yupo Vuai, dereva wa Bi Tabia, aliyewaleta na kukataa kuondoka bila kuona. Picha imerudishwa ukutani. Karimu akaingia na masanduku mawili, macho mekundu kwa safari, akasalimia mmoja mmoja, "Shikamoo Bi Tabia, shikamoo shangazi," akapiga magoti akafungua.

Zikatoka lesi, bangili, shada za maua na mabakuli ya buluu yaliyoviringishwa kwenye mataulo. Biubwa alikuwa akivisukuma pembeni kwa mguu.

"Haya, haya. Joho."

"Joho gani, dada?"

"Usinifanyie utani mbele za watu. Lile!" Akaelekeza ukutani.

Karimu akageuka akaitazama ile picha. Akaitazama kwa muda, kama ada yake, wakati watu wazima wanangoja.

"Hilo ni la makumbusho, dada," akasema. "Haliuzwi."

Nyuma ya pazia cherehani ya Jeannine ikasimama. Kisha Biubwa akafunguka. Mtume! Alimtukana Karimu matusi ya kusimuliwa. Alisema alituma mtu akarudishiwa macho. Alisema mama yao alizaa watoto wawili, mmoja akampa akili, mwingine akampa kope. Alisema mtu anakwenda mji wa biashara, mji ambao Waswahili wazima wamejengea nyumba, yeye anakwenda kutazama makaburi na vyungu, na leo kamvua nguo dada yake hadharani. Karimu alikuwa akikunja mataulo.

"Ngoja," akasema Bi Tabia. Hakupaza sauti, hana haja. "Karimu, ulimwambia kuwa haliuzwi?"

"Nilimwambia, Bi Tabia."

"Mwongo!" Biubwa akaruka. "Mwongo mkubwa! Aniambie aliniambia wapi!"

"Kwenye voisi, dada. Mara mbili."

Bi Tabia akanyoosha mkono. "Lete simu."

Angeweza kukataa? Mbele ya nani? Biubwa aliitoa simu kifuani akampa, na Bi Tabia, ambaye macho yake si ya simu, akampa Nasra. Binti akapandisha juu kwa kidole, akapandisha, akapandisha, uso ukabadilika.

"Anti," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "wewe hujafungua hata moja. Ziko... ziko arobaini na moja."

"Tafuta iliyo chini ya joho," akasema mama yake.

Nasra akabonyeza, na sauti ya Karimu ikajaa duka, nyuma yake zikisikika nyayo za watu wengi kwenye sakafu ya mawe.

"Dada, asalaam aleikum. Nimeona ujumbe wako. Hilo joho, dada, haliuzwi, ni la makumbusho. Alilivaa bibi harusi mmoja zamani, zaidi ya miaka mia. Lakini nisikilize. Nimemuuliza mlinzi hapa, akaniitia kijana anayejua Kiingereza, yule kijana kanipeleka kwa mzee mmoja ana karakana nyuma ya soko. Wako watano, wote wanaume, wanatarizi kwa mkono. Zamani hapa sindano hii ilikuwa kazi ya wanaume, ulijua? Nimemwonyesha picha. Anasema lote zima ni kazi ya miezi, lakini kifua, mikono na pindo, juu ya hariri nyekundu, anaweza kwa siku kumi. Bei haitishi, na vipimo vya Nasra ninavyo. Ila lazima aanze kesho, la sivyo ndege itaondoka halijaisha. Nijibu ndiyo au la kabla ya adhuhuri ya kesho. Ndiyo au la tu, dada."

Sauti ikanyamaza, zikabaki nyayo. Kisha ikarudi, chini zaidi.

"Hapa pana chumba kizima cha kazi za sindano. Kuna shuka moja wameweka upande wa nyuma utazame, huoni fundo hata moja. Nimesimama pale nikakukumbuka ulivyokuwa ukishona kofia za baba, unazigeuza nyuma kunionyesha. Ningependa uje ulione. Basi. Nangoja jibu lako."

Nasra, mtoto asiye na ubaya, akaendelea kusoma kilichofuata kwa sauti. "Acha hadithi. Leta nilichokuambia."

Shangazi mmoja akatazama juu. Vuai akatazama viatu vyake. Yule shangazi wa pili, ambaye Durban imemtoa haya, akasema pole pole, "Mdharau mwiba, mguu huota tende," na hakuna aliyemwambia nyamaza.

"Na ya pili?" akauliza Bi Tabia.

Ya pili haikuwa na mengi. "Dada, niko kwa mzee. Kitambaa kiko mezani. Nimwambie ndiyo?"

Biubwa alikuwa amesimama na mkono mmoja kwenye meza. Goti lilimuuma na hakukaa. Alitaka kutukana tena, mdomo ukafunguka, lakini kilichotoka kilikuwa kitu kingine, tena kwa sauti ndogo ambayo hakuna mtu pale aliyewahi kuisikia kwake.

"Karimu. Wewe uliona kwamba sijafungua. Kile kialama cha kipaza sauti, mtu akisikiliza, kwako kinageuka rangi."

"Hakikugeuka."

"Uliona."

"Niliona tangu siku ya kwanza, dada. Zote."

"Basi kwa nini hukuandika? Unajua kuandika! Nilisoma kila ulichoandika. Mstari mmoja ungetosha."

"Ungetosha," akasema Karimu.

Akaweka taulo la mwisho juu ya mengine, akalisawazisha.

"Nilikaa pale kwa mzee mpaka adhuhuri. Nilikuwa nimeshauandika, huo mstari. Umebaki kubonyeza. Mzee akanipa chai. Nikasema la. Mimi nimekusikiliza wewe miaka yangu yote, sijakuona ukinisikiliza mara moja. Nikasema leo asikilize mara moja tu, dakika sita, ajiokoe. Ikapita adhuhuri nikaufuta."

"Ukaniacha niangamie."

"Ndiyo."

Alisema ndiyo hiyo bila ukali, kama mtu anayekubali kwamba mvua imenyesha. Bi Tabia alimgeukia akamtazama upya, na si kwa kumpenda. Biubwa naye alimtazama ndugu yake usoni, na machoni mwa Karimu, mle alimozoea kuona ujinga na usingizi, akakuta dharau. Haikuwa kubwa, lakini aliitambua mara moja, maana ni yake yeye.

Bi Tabia aliinuka kwenye kiti cha dhahabu.

"Biubwa, uliapa mwenyewe, sikukuapisha. Mimi mtu akiapa mbele yangu namwachia kiapo chake. Viti vyako nitavitumia, nimeshavikodi. Kingine basi." Akatoa mtandio wake begani, akajitanda, akalifungua lile pazia la katikati ambalo hajapata kulivuka. "Mama, hodi humu. Una hariri nyekundu?"

"Niko nayo," akasema Jeannine. "Karibu, Mama. Lakini ile yote ya mu picha, kwa siku tatu, siwezi."

"Shona unachoweza."

Kilichofuata Biubwa alikisikia tu, kwa sababu alikuwa upande wake. Alimsikia Karimu akiitwa, akivuta kiti, akitoa simu. Alimsikia akieleza kwamba uzi wa dhahabu haupiti ndani ya kitambaa, unalazwa juu, halafu unashikwa kwa uzi mwingine mwembamba, hatua kwa hatua, na kwenye kona mzee alikuwa akiubana kwa ukucha wa dole gumba. Alimsikia Jeannine akisema, "Onyesha tena. Pole pole." Karimu akaonyesha tena. Siku tatu alikaa nyuma ya lile pazia akimshikia Jeannine taa.

Jumamosi mchana Nasra akatoka. Gauni lilikuwa jekundu, la kawaida, ila kwenye ukosi na kwenye mikono palikuwa na dhahabu ya upana wa viganja viwili, na ndege mmoja tu, mdogo, begani. Halikuwa lile la picha, hata nusu yake. Lakini wanawake wa Unguja na Dar na Durban waliinuka vitini, na safari hii Bi Tabia mwenyewe ndiye aliyeanza kupiga kigelegele. "Kapambwa na nani huyu?" waliulizana. "Mkongo mmoja, yuko La Rochelle." Biubwa aliyasikia hayo yote akiwa nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni, kwenye kiti chake mwenyewe, na sahani ya pilau mapajani. Hakuna aliyemsema vibaya. Walimpita wakamsalimia, wakamuuliza goti, wakaendelea.

Alasiri, wageni walipoanza kutawanyika, alitoka kwa mlango wa nyuma kwenda kuona viti vyake vinavyopakiwa. Gari lilikuwa limeegeshwa ukutani. Vuai alikuwa juu anapokea, Karimu chini anainua, na alikuwa akizungumza. Biubwa akasimama kabla ya kona, hawajamwona.

"Ni mpira wa pembe ya ndovu, Vuai, ukubwa wa chungwa. Umetobolewa maua nje. Ukichungulia kwenye tundu, ndani kuna mpira mwingine. Ndani ya huo, mwingine. Na mwingine. Kila mmoja unazunguka peke yake, na pembe yote ni moja, hawakuunganisha popote."

"Acha bwana. Sasa ule wa ndani waliuchongaje, na wa nje haujapasuka?"

"Hapo ndipo nilipokaa saa nzima. Sikiliza..."

Biubwa alisogea. Nakwambia kweli tupu: alitaka kujua. Huyu aliyeingia Guangzhou mara saba akarudi na mapazia, alitaka kujua ule mpira wa ndani ulichongwaje, na alikuwa tayari kusimama pale dakika nane, dakika tisa, goti na lijifie. Lakini katika kusogea akapiga teke kopo, Karimu akageuka.

Akaikatiza hadithi. Akaweka kiti chini.

"Unataka kitu, dada?"

Maneno yalikuwa mdomoni, mepesi, mtoto angeyasema. Vuai alikuwa akimtazama kutoka juu ya gari. Biubwa akajifunga mtandio vizuri.

"Hesabu viti," akasema. "Usije ukaniachia nusu humu kwa kutazamatazama kwako."

"Sawa, dada," akasema Karimu, akaanza kuhesabu. Vuai alingoja mpaka Biubwa alipoingia ndani na mlango ukafungwa, ndipo akauliza tena.